Mawe Sitini

Korido yetu pale Gyumri, ghorofa ya chini,
ina urefu wa sentimita mia mbili hamsini na mbili,
upana mia moja na tano.
Niliipima mwenyewe, mwezi wa Februari, glavu mkononi,
maana baba na baba mdogo hawakukubali kushika tepu moja,
huyu ncha hii, yule ncha ile.

Mlango wa kushoto ni wetu.
Wa kulia ni wa baba mdogo Mesrop.
Katikati, miaka miwili bila salamu:
kisa miti ya jozi iliyouzwa
na fedha ambazo kila mmoja anaapa zimeliwa na mwenzake.

"Shoghik, mwambie alete mchanga."
"Mwambie mchanga ninao. Yeye alete adabu."
Nami nina miaka kumi na miwili,
nabeba maneno hatua nne kwenda, nne kurudi,
mengine nayadondosha njiani kwa makusudi.

Lakini bibi anatoka hospitali Jumamosi,
na mkongojo wake,
na saruji ya zamani imepasuka kama midomo ya baridi.

Baba akatoa sharti: mawe ya mraba, meusi, yaingie mazima,
"sitaki hata kimoja cha kukatwa pembeni."
Baba mdogo akatoa la kwake:
"Mwambie yawe makubwa kadiri ya kuwezekana.
Kila kiungo ni mtego wa mkongojo."

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.
Sikuwa na jembe. Nilikuwa na penseli.

Mia moja na tano: tatu, tano, saba.
Mia mbili hamsini na mbili: mbili, mbili, tatu, tatu, saba.
Saba huku, saba kule!
Nikapiga kelele hadi jirani wa juu akagonga sakafu.

"Saba?" baba akasema. "Mawe mia tano na arobaini?
Tunatandika korido au tunafuma sweta?"

Baba mdogo hakusema neno.
Akatoa uzi mfukoni, ule wa kufungia soseji,
akakata vipande viwili, kimoja urefu wa korido,
kimoja upana wake,
akapiga magoti kwenye vumbi.

Alilaza kifupi juu ya kirefu. Mara moja. Mara mbili.
Kikabaki kijisehemu: arobaini na mbili.
Akakichukua kijisehemu hicho, akakilaza juu ya kifupi.
Mara moja. Mara mbili.
Kikabaki kingine, kidogo zaidi.
Akakilaza hicho juu ya kile cha kabla yake:
mara moja, mara mbili,
na hapo uzi ukaisha. Hakikubaki kitu.

Nikarudi kwenye daftari, masikio yakiwaka.
Tatu ilikuwa huku pia. Tatu ilikuwa kule pia.
Nilikuwa nimeiona nikaipita,
kwa kudhani wakishirikiana kimoja, basi, yatosha.
Tatu mara saba.

"Ishirini na moja," nikasema.
"Ishirini na moja," akasema baba mdogo, uzi mdomoni.
"Ishirini na moja," akasema baba, 
ambaye alikuwa amepiga hesabu kimya ukutani kwa msumari.

Kumi na mawili kwa matano. Mawe sitini.

Sitasema walikumbatiana.
Walitandika usiku kucha wakigeuziana migongo,
mmoja akitokea mlango huu, mmoja mlango ule,
na kwenye safu ya saba migongo ikagusana,
baba akanyoosha mkono nyuma bila kutazama:
"Nipe nyundo."
Sikusikia *mwambie*.
Nilisubiri, labda limechelewa. Halikuja.

Jumamosi bibi aliingia, tok, tok, tok,
mkongojo haukunasa popote.
Alisimama katikati, akauliza nani kafanya kazi hii.
Wote wawili wakaninyooshea kidole.

Jumatatu mwalimu alitupa nane na kumi na tano.
Nilitafuta kwa penseli, nikatafuta kwa uzi.
Ilibaki moja tu.
Nikaiandika, nikaipigia mstari,
sikuona haya kwamba ni ndogo.